Hoteli ya Kizamani, lakini Zamani ya Nani?

Mwenye mtaji anapojenga hoteli ufukweni siku hizi, mara nyingi huikimbilia zamani. Hutundika kandili barazani, hutafuta redio ya mbao na gramafoni, hupamba kuta kwa picha za meli za moshi, kisha husimamisha banda la msonge kando ya bwawa la kuogelea. Mgeni huambiwa kwamba amerejea katika enzi za utulivu. Sina ugomvi na kandili wala bwawa. Swali langu ni la kihistoria: enzi hizo zilikuwa tulivu kwa nani?

Bukoba ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hili, kwa sababu mji huu hauna haja ya kuigiza uzee. Emin Pasha aliweka hapa kituo cha Wajerumani mwaka 1890. Lake Hotel, jengo la enzi za ukoloni, iko karibu na ziwa, na jirani yake kuna makaburi ya Wajerumani. Anayeketi upande huo wa mji akitazama Kisiwa cha Musira huona maji yametulia. Lakini katika maji hayo hayo, Juni 1915, zilikuja meli za Waingereza kutoka Kisumu zikiwa zimesheheni askari. Baada ya mapigano ya siku mbili mnara wa simu ya upepo ulibomolewa, mji ukaporwa, na wavamizi wakarejea melini.

Tuanze na baraza, starehe ya kwanza ya hoteli yoyote ya ufukweni. Katika Tanganyika ya Waingereza, hoteli na vilabu vya Wazungu havikumkaribisha Mwafrika kama mgeni. Aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa mpishi, dobi au boi, na aliitwa boi hata akiwa na wajukuu. Hali haikuwa ya Bukoba peke yake. Africa House ya Mji Mkongwe, Unguja, ambayo leo ni hoteli, ilikuwa klabu ya Waingereza. Upepo wa jioni ulivuma bure, lakini kiti cha kuupungia kilikuwa na rangi ya ngozi.

Kisha ije kahawa. Utajiri ulioufanya mji huu uwe na bandari, maduka na wageni ulitoka katika vihamba vya Wahaya, kuanzia Kiziba hadi Kamachumu na Ihangiro, katika Muleba ya leo. Magunia yalivuka ziwa hadi Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, yakateremka Mombasa. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga waziwazi kanuni za serikali kuhusu kilimo cha zao hilo, kwa kuwa waliona wanaamriwa juu ya mibuni waliyoirithi kwa baba zao. Kikombe kinachotolewa katika hoteli ya kizamani kina historia hiyo ndani yake, ila haiandikwi kwenye orodha ya vinywaji.

Picha ya meli nayo haiwezi kuwa pambo tupu ukutani Kagera. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia wakapotea. Ni nadra kupata ukoo mkoani humu usio na jina la kulilia. Mgeni anaweza kuiona meli ya zamani kuwa kitu cha kupendeza. Mhudumu anayemletea chai huenda anamkumbuka shangazi yake.

Namna ya kuienzi zamani bila kuidanganya ipo, nayo tunaijua. Katika nyumba ya msonge ya Mhaya, sakafu ilitandikwa nyasi, na mgeni alipoketi aliletewa akamwani, buni zilizochemshwa kwa majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, atafune huku akiulizwa habari za kwao. Desturi hiyo ni kongwe kuliko hoteli zote za mkoa. Mwenye hoteli anayejenga msonge ili auze bia tu amechukua paa akaacha nyumba.

Hatimaye, ufukwe wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipopanda kuliko kawaida, ziwa lenyewe lilitukumbusha mpaka huo. Hata hivyo, sheria hiyo inatuhusu kwa sababu nyingine pia. Ukuta unaoshuka hadi majini humzuia mvuvi kuegesha mtumbwi, mama kuanika dagaa, na mtoto wa Bukoba au Muleba kujifunza kuogelea katika ziwa la babu zake. Ukuta huo, hata ukipakwa rangi za kale, unatenda kazi ile ile iliyotendwa na mlango wa nyuma.

Basi wajenge, na watundike kandili. Ila pembeni ya picha ya meli waandike tarehe, kwenye meza waweke akamwani, na njia ya kwenda ziwani waiache wazi. Hapo zamani itakuwa imerudi pamoja na wenyewe.