Kelele za uwanjani Marekani: kutoka tarumbeta za wanafunzi hadi bafle kubwa

Familia nyingi za kwetu zilizopitia kambi za Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania leo zinaishi Marekani. Kuna zilizofikia Lexington, katika jimbo la Kentucky, na nyingine Iowa City, katika jimbo la Iowa. Hiyo ni miji ya vyuo vikuu. Mtu akifika huko mwezi wa kenda au wa kumi, siku ya posho, anashangaa: mji mzima umevaa rangi moja, barabara zimejaa magari, na kutoka uwanjani kunasikika kishindo cha watu, ngoma, tarumbeta na muziki wa bafle. Anauliza kama kuna sherehe ya taifa. Hapana, ni mechi ya wanafunzi.

Leo tunasimulia historia ya kelele hiyo. Tunaisimulia kwa sababu ndani yake kuna swali linalotugusa hata sisi tuliobaki huku: uwanjani, nani apewe nafasi, watu wanaoimba au mashine inayoimba badala yao?

Mchezo wenyewe

Wamarekani wanapotaja football, hawazungumzii mpira wetu wa miguu. Wao wanacheza na mpira wenye umbo la yai, watu 11 kwa 11, na unabebwa mkononi. Ekipe yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani karibu mita 9. Ikishindwa, wapinzani wanauchukua.

Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kati ya vyuo ilichezwa tarehe 6 mwezi wa 11 mwaka wa 1869, katika mji wa New Brunswick, jimbo la New Jersey. Chuo cha Rutgers kilishinda Princeton 6 kwa 4. Watazamaji walikuwa karibu mia moja tu. Leo uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi 107,601. Uwanja wetu wa Martyrs kule Kinshasa, tunaouona mkubwa sana, unahesabiwa watu 80,000.

Sauti za kwanza: koo na tarumbeta

Mwanzoni kelele ilitoka kooni. Tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka wa 1898, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Johnny Campbell, alisimama mbele ya wenzake na kuwaongoza kupiga kelele kwa pamoja. Hapo ndipo wengi wanapohesabu mwanzo wa viongozi wa ushangiliaji. Wakati huo kazi hiyo ilifanywa na wanaume; wasichana waliingia baadaye, katika miaka ya 1920.

Kisha zikaja fanfare. Vyuo vingi vilikuwa na bendi za kijeshi za wanafunzi, zenye tarumbeta, ngoma na mwendo wa askari. Bendi hizo zikaanza kuingia uwanjani. Mwaka wa 1907 bendi ya Purdue ilijipanga kwenye nyasi na kuunda herufi P kwa miili ya wapigaji. Mwaka wa 1936 bendi ya Ohio State ikaandika jina zima la Ohio kwa kutembea, na leo mpigaji wa sousaphone, lile tarumbeta kubwa linalozunguka mwili, ndiye anayetoka kwenda kuweka nukta juu ya herufi i. Wapigaji wengi wanaandika neno kwa miguu yao huku wanapiga. Mapumziko yakawa mchezo wa pili.

Walioubadilisha kabisa mchezo huo wa pili ni Wamarekani weusi. Wakati wa ubaguzi, vyuo vingi vya wazungu viliwafungia mlango, nao wakasoma katika vyuo vyao. Mwaka wa 1946 William P. Foster alishika bendi ya chuo cha Florida A&M, mjini Tallahassee. Aliacha mwendo mkavu wa kijeshi, akaleta hatua za haraka, kuinua magoti juu, kucheza dansi huku tarumbeta iko mdomoni, na nyimbo zinazopigwa redioni wakati huo. Bendi nyingi za vyuo vya weusi zilifuata njia hiyo. Bendi ya chuo cha Grambling, Louisiana, ilipiga katika Super Bowl ya kwanza mwezi wa kwanza 1967. Mwaka wa 1989, Ufaransa iliposherehekea miaka 200 ya Mapinduzi, bendi ya Florida A&M ilipita katika gwaride la tarehe 14 mwezi wa 7, pale Champs-Élysées mjini Paris.

Mpaka leo, mechi ya Grambling na Southern inapochezwa New Orleans, wako wanaonunua tiketi kwa ajili ya bendi zaidi kuliko mpira. Mapumziko yakifika hawaendi kununua chakula. Wanakaa.

Kelele yenye kazi

Katika mchezo huu, kelele si furaha tu, ni silaha. Kabla ya kila jaribio, kiongozi wa mashambulizi, anayeitwa quarterback, anawapa wenzake amri kwa sauti. Wasipomsikia, mmoja anaondoka mapema na ekipe inarudishwa nyuma kwa adhabu, au wanaachana njia na mpira unapotea.

Kwa hiyo mashabiki wa nyumbani wamejifunza nidhamu ya ajabu. Wapinzani wakiwa na mpira, uwanja mzima unapiga kelele mpaka koo linauma. Ekipe yao ikiwa na mpira, wananyamaza ili kijana wao asikike. Watu elfu themanini wananyamaza bila askari wala filimbi.

Katika chuo cha Texas A&M wanafunzi wanajiita mchezaji wa 12. Jina hilo linatokana na mechi ya tarehe 2 mwezi wa kwanza 1922, mjini Dallas. Wachezaji waliumia wengi, hata kocha akamwita mwanafunzi E. King Gill kutoka jukwaani avae jezi. Hakuingia kucheza, lakini alisimama tayari mpaka mwisho. Tangu hapo wanafunzi wa chuo hicho wanasimama mechi nzima, kuonyesha kwamba nao wako tayari.

Tarehe 8 mwezi wa 10 mwaka wa 1988, mjini Baton Rouge, Louisiana State ilikuwa nyuma 6 kwa 0 mbele ya Auburn. Dakika za mwisho Tommy Hodson alirusha, Eddie Fuller akadaka, na ikawa 7 kwa 6. Watu waliruka kwa nguvu hivi kwamba chombo cha kupima tetemeko la ardhi, kilichokuwa katika jengo la chuo hicho, kilichora mstari. Sisi tunaoishi karibu na Nyiragongo tunajua chombo hicho kinavyoheshimiwa. Siku ile kilichorekodiwa hakikuwa volkano bali miguu ya watu.

Bafle zinaingia

Sheria zilijaribu kulinda mchezo. Bendi hairuhusiwi kupiga wakati wachezaji wamejipanga kuanza, na vyombo vya kupigia kelele vinakatazwa. Mwaka wa 1974 ligi ya vyuo vya kusini, SEC, ilikataza kengele za ng'ombe, hasa kwa sababu ya mashabiki wa Mississippi State, ambao kengele hizo ni alama yao. Hawakuacha kuzileta. Mwaka wa 2010 ligi ikakubali zilie, kwa masharti ya wakati.

Lakini wakati watu wanabishana juu ya kengele, mashine kubwa zaidi ilikuwa inaingia. Tarehe 10 mwezi wa 10 mwaka wa 1998, Wisconsin ilicheza na Purdue mjini Madison. Kabla ya kipindi cha nne, bafle za uwanja zikapiga Jump Around, wimbo wa kundi la House of Pain. Wanafunzi wakaruka wote pamoja. Ikawa desturi. Mwaka wa 2003 wakubwa wa chuo waliisimamisha kwa hofu kwamba majukwaa yanatikisika. Wanafunzi wakalalamika, mainjinia wakasema jengo ni imara, wimbo ukarudi. Virginia Tech nayo, tangu mwaka wa 2000, inaingia uwanjani kwa Enter Sandman wa Metallica, na watu wanaruka.

Hizo mbili hatuwezi kuzilaumu. Wimbo mmoja, wakati mmoja, na watu ndio wanaofanya kazi. Tatizo lilianza bafle zilipojaza kila nafasi. Mwaka wa 2014 SEC iliruhusu muziki upigwe kati ya jaribio na jaribio, mpaka wachezaji wajipange. Wakubwa wa viwanja walikuwa na sababu zao: televisheni nyumbani imekuwa kubwa na nzuri, matangazo ya biashara yanarefusha mechi, na vijana wanachoka haraka. Walitumaini muziki utawarudisha majukwaani.

Wazee wakajibu kwamba sasa hawawezi kuongea na mtoto aliyekaa pembeni, na kwamba bendi iliyofanya mazoezi wiki nzima inafunikwa na kijana mmoja mwenye kompyuta. Mimi naona hoja yao ni nzito. Bafle likinyamaza, uwanja uliozoea kuongozwa nalo hauanzi wimbo wenyewe. Mwaka wa 2020, wakati wa Korona, viwanja vilipokuwa vitupu au nusu, vyuo vingi vilipiga rekodi ya kelele za watu kupitia bafle. Mashine iliiga watu, na kila aliyesikia alijua kwamba si wao.

Masikio hayashoni kiraka

Sauti inapimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidi saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zinapoongezeka 3, muda unagawanywa kwa mbili. Kwenye desibeli 100 muda ni dakika 15 tu. Mechi ya chuo inapita saa tatu. Sikio likishaharibika ndani halirudi. Hakuna dawa ya kuliotesha upya.

Siku ile ya Jump Around ya kwanza, aliyekuwa anarushia Purdue mipira alikuwa kijana Drew Brees. Alirusha mara 83 katika mechi moja. Mwaka wa 2010 aliposhinda Super Bowl akiwa na New Orleans, dunia nzima iliona picha yake amembeba mtoto wake mdogo, na mtoto amefunikwa masikio kwa vizibo vikubwa. Baba aliyejua kelele za viwanja alimlinda mwanawe.

Na sisi?

Iowa City, walipo ndugu zetu, hospitali ya watoto ya chuo kikuu inatazamana na uwanja wa Kinnick. Tangu mwaka wa 2017, kipindi cha kwanza kinapokwisha, watu karibu elfu sabini, wachezaji na waamuzi pamoja, wanageuka na kuwapungia mkono watoto wagonjwa walio madirishani. Desturi hiyo haikutoka kwa wakubwa wa uwanja. Shabiki mmoja aliipendekeza kwenye Facebook. Mtoto aliye juu dirishani hahitaji kusikia kitu, anaona mikono.

Huku kwetu pia kila mashindano ya mtaa na kila mechi ya vijana waliohama makwao sasa ina bafle na jenereta. Ni jambo jema, mpira unawapa watoto furaha. Lakini kati ya watazamaji wamo watoto waliokimbia mabomu, na kishindo cha ghafla kinawarudisha njiani walikotoka. Wamo pia mama wenye watoto wachanga mgongoni.

Waandaaji, kuna mambo ambayo hayaombi pesa. Msielekeze bafle mahali watoto wanapokaa. Liinueni juu, au ligeuzeni. Punguzeni sauti kabla ya kuwasha, mpandishe polepole. Mechi ikianza, zimeni. Waacheni wanawake waimbe nyimbo walizokuja nazo kutoka vijijini, vijana wapige ngoma na madumu, fanfare ya parokia ipite mapumzikoni. Na ninyi wazazi, mtoto akiziba masikio kwa mikono, msimcheke wala msimlazimishe akae. Msogezeni mbali kidogo, mechi ataiona hata kutoka huko.