Safari ya Kuzimu: Biblia katika Utenzi wa Dante na Karisi ya Mwindo

Miongoni mwa tenzi za Ulaya ya Zama za Kati zinazohusu ahera, mashuhuri kuliko zote ni ule wa Dante Alighieri, mshairi wa Firenze aliyefariki mwaka 1321, ambaye katika nyimbo 100 alisimulia safari yake ya kupita Jehanamu, Toharani na Peponi. Mara nyingi Dante huidokeza Biblia, yaani hugusia jambo lililomo ndani yake bila kusema limetoka wapi, akitumaini kwamba msomaji atalitambua mwenyewe. Chui, simba na mbwa-mwitu wanaomzuia njia mwanzoni ndio wale wale ambao nabii Yeremia, katika sura ya 5, aliwatishia watu wa Yerusalemu. Na roho zinazofika kwa mashua chini ya mlima wa Toharani huimba zaburi ya Israeli kutoka Misri, kwa sababu kwao kifo kimekuwa mlango wa kutoka utumwani.

Wanyanga, ambao nchi yao ni misitu ya Walikale na sehemu za Masisi, mashariki mwa Kongo, nao wana safari yao ya kuzimu. Inasimuliwa katika karisi ya Mwindo, na karisi ni masimulizi marefu ya shujaa yanayosemwa, kuimbwa na kuchezwa mbele ya hadhara. Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck wa Ubelgiji aliipokea kutoka kinywani mwa fundi Candi Rureke, na mwaka 1969 ikachapishwa kwa ushirikiano wake na msomi Mnyanga, Kahombo Mateene.

Mwindo anashuka kumfuata baba yake, Shemwindo, aliyekimbilia chini ya ardhi. Njiani anakutana na Kahindo, binti wa Muisa mkuu wa kuzimu, mwili wake ukiwa umejaa buba, naye anamfundisha namna ya kuokoka: atamkuta Muisa amejikunyata majivuni kando ya meko, naye Muisa atampa kiti, kisha pombe ya ndizi, kisha ugali, na vyote avikatae kwa majibu yaliyopangwa. Muisa hapimi dhambi za mtu kama waamuzi wa Dante. Humtuma mgeni kulima migomba na kurina asali, kazi anazozijua kila mkulima wa Walikale.

Hata hivyo, msomaji Mkristo hawezi kusoma habari za Mwindo, mtoto aliyefungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni asimkumbuke Musa wa kitabu cha Kutoka. Mfanano huo upo, lakini si dokezo, kwa kuwa dokezo humtaka mtunzi aliyekusudia, na kuigeuza karisi kuwa kivuli cha Biblia ni kuwanyang'anya Wanyanga kazi yao wenyewe. Musa aliwekwa mtoni na mama yake ili apone. Mwindo anatupwa na baba asiyetaka mwana wa kiume, ili afe, na ngoma inaibuka juu ya maji huku yeye akiimba ndani yake. Vivyo hivyo kwa sheria: Musa aliipanda Sinai akiwa ameitwa, bali Mwindo anachukuliwa angani na Nkuba, yaani radi, kwa kosa la kumuua Kirimu, joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba. Huko anakaa mwaka mzima akiteswa na Mvua, Mwezi na Jua, ndipo anaporudishwa Tubondo, kijiji cha baba yake, akiwa amekatazwa kuua mnyama yeyote.