Makarani wa Babeli na hesabu ya kupatwa kwa jua

Tarehe 30 Juni 1973, kivuli cha Mwezi kilivuka Sahara, kikapita kaskazini mwa Kenya juu ya ziwa lililokuwa bado likiitwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana, kisha kikatokea Bahari ya Hindi kupitia Somalia. Miaka 54 na mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 29 Mei 1919, kivuli kama hicho kilitoka Brazil hadi kisiwa cha Príncipe, ambako mwanafalaki Arthur Eddington alipiga picha za nyota zilizokuja kuiunga mkono nadharia ya Einstein, kikakata Kongo na kufika Tanganyika. Ongeza tena miaka 54 na mwezi mmoja na siku chache juu ya 1973, utapata 2 Agosti 2027: siku hiyo jua litapatwa kabisa Luxor na Makka, na kivuli kitaigusa pia Somalia. Tarehe hizi hazikuangukiana kwa bahati. Ni za ukoo mmoja, na waliougundua mwendo wa koo za namna hii hawakuwa na darubini wala nadharia. Walikuwa makarani.

Jua hupatwa Mwezi unapopita kati yake na Dunia, mwishoni mwa mwezi, kabla mwingine haujaandama. Mwezi nao hupatwa unapoingia katika kivuli cha Dunia, usiku ambao ni mpevu. Hayo hayatokei kila mwezi kwa sababu njia ya Mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya Dunia, hivyo mara nyingi kivuli hupita juu au chini bila kugusa. Hata hivyo, kila baada ya miandamo 223, yaani siku 6,585 na theluthi moja, au miaka 18 na siku 11 hivi, Jua, Dunia na Mwezi hurudia karibu mpangilio uleule. Wababeli waliufahamu mzunguko huu kwa kuandika. Tangu karne ya nane kabla ya Kristo walichora kwenye mabamba ya udongo siku na saa za matukio ya angani, na katika shajara zao waliandika pia bei ya shayiri na kina cha mto Frati. Hesabu yao haikuhitaji kujua Mwezi uko umbali gani. Ilihitaji kumbukumbu zisizokatika.

Msomaji anaweza kupinga kwamba hiyo haikuwa elimu bali hofu. Ni kweli kwamba kupatwa kwa mwezi kulihesabiwa kuwa ishara mbaya kwa mfalme. Zama za mfalme Esarhadoni wa Ashuru, mtu mwingine aliweza kukalishwa kwenye kiti cha enzi ili nuksi imwangukie yeye. Lakini hofu hiyo ndiyo iliyodai usahihi, kwani ikulu isingeweza kubadilisha mfalme kwa kubahatisha. Nia ya mwandishi haifuti ukweli wa alichokiandika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kumbukumbu husema lini, hazisemi wapi. Ile theluthi ya siku huifanya Dunia izunguke theluthi moja zaidi, hivyo kivuli kinachofuata huangukia mbali upande wa magharibi, na ni baada ya mizunguko mitatu tu ndipo hurudi karibu na eneo lile. Kwa Mwezi, unaoonekana na nusu nzima ya Dunia, kasoro hiyo ilivumilika. Kwa Jua, mzunguko uliweza kutahadharisha tu, na ndiyo maana wanahistoria wengi wanaitilia shaka hadithi ya Mgiriki Thales kutabiri kupatwa kwa jua mwaka 585 kabla ya Kristo. Ilibidi ije kanuni ya mvutano ya Newton ndipo mwanafalaki Edmond Halley aweze kuchapisha ramani ya njia ya kivuli juu ya Uingereza kabla ya siku yenyewe, mwaka 1715, akikosea kwa dakika chache tu. Lakini Halley huyohuyo aliwaomba wananchi wamwandikie walichokiona. Na alipokuwa mwanafalaki wa kifalme mwaka 1720, tayari ana zaidi ya miaka 60, alijipangia kuufuatilia Mwezi kwa miaka 18, mzunguko mzima. Nadharia ilimpa kanuni, na bado alihitaji daftari.

Basi tuseme leo kompyuta imemaliza kazi ya daftari? Mabamba ya Babeli yanaeleza kwamba jua lilipatwa kabisa mjini humo mwezi Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo. Ukilihesabu tukio hilo huku ukichukulia kwamba urefu wa siku haujabadilika kamwe, kivuli kinapita mbali magharibi mwa Babeli, kwa tofauti ya zaidi ya saa tatu. Kilichokosea si bamba. Dunia inapunguza kasi ya kuzunguka, hasa kwa sababu ya maji kupwa na kujaa, na kwa kumbukumbu kama hizi mwanafalaki Richard Stephenson na wenzake walikadiria kwamba siku hurefuka kwa chini kidogo ya sehemu mbili kati ya elfu za sekunde kila karne. Karani aliyeandika bamba hakujua kuwa anapima mzunguko wa Dunia, na hakuna ambaye angeweza kumwambia. Kwa hiyo wanaotaka kila takwimu ithibitishe faida yake kabla ya kukusanywa wanadai jambo ambalo, lingefuatwa Babeli, lingetunyima kipimo hicho.