Mlango Alioufunga Nora

Tarehe 21 Disemba 1879, tamthilia ya Henrik Ibsen, Et dukkehjem, yaani Nyumba ya Mwanasesere, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Copenhagen. Mwishoni mwake Nora anatoka usiku, akiwaacha mume na watoto watatu. Hakupigwa, wala hakuwa na mwanamume mwingine. Aliondokea nini, basi?

Jibu limo katika deni. Torvald, mumewe, alipougua, Nora alikopa fedha za kumpeleka Italia. Sheria haikumruhusu mke kukopa bila idhini ya mume. Naye akaghushi saini ya baba yake kuwa mdhamini. Siri ilipofichuka, Torvald hakukumbuka kwamba deni hilo ndilo lililomponya. Aliogopa aibu tu. Hatari ilipopita akamsamehe, kama asamehewavyo mtoto. Hapo Nora akatambua kwamba kwa miaka minane ameishi na mtu asiyemjua.

Kisa hicho kilichipuka katika maisha ya Laura Kieler, mwandishi aliyefahamiana na Ibsen. Yeye naye alikopa kwa siri ili mumewe apate kupona. Malipo yake yakawa kutiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hatimaye alirudi kwa mume yule yule.

Mwaka 1880 mwigizaji mmoja wa Ujerumani alikataa kuigiza mama anayewaacha wanawe. Ibsen akaandika, kwa shingo upande, mwisho ambamo Nora anabaki. Mwisho huo haukudumu.

Mwaka 1888 ndipo sheria ya Norway ilipomhesabu mke kuwa mtu mzima.