Biblia, udongo na vita ya Kamanyola



Wiki iliyopita, mu kikundi kimoja cha WhatsApp cha vijana wa hapa Kamanyola, mtu alituma video. Inaonyesha magurudumu ya magari ya vita ya Farao chini ya Bahari ya Shamu, yamefunikwa na matumbawe. Palepale watu wakagawanyika. Mmoja akaandika: "Amina! Sasa bale banasema Biblia ni hadisi bataenda wapi?" Mwingine, aliyetoka kumaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu Bukavu, akamjibu: "Yaya, ile yote ni hadisi tu. Hakuna kitu kilifanyika." Mpaka usiku walikuwa wanatukanana. Kijana mmoja, mtoto wa mchungaji, akatoka mu kikundi bila kuaga.

Mimi sikuandika kitu. Lakini niliona kwamba wale wawili wanakosea mahali pamoja. Wote wanafikiri Biblia yote inasimama ao inaanguka siku moja, kwa ushahidi mmoja. Historia haiendi vile. Na sisi watu wa Kamanyola tuna mfano wa nyumbani wa kutusaidia kuelewa.

Kila mtoto wa hapa amesikia kwamba Raisi Mobutu alipigana Kamanyola mwaka 1964. Tuichunguze sentensi hii polepole.

Kwanza, vita ilikuwepo. Mwezi wa sita 1964, jeshi la serikali, ANC, lilipambana huku uwandani na waasi wa Simba, ambao mwezi wa tano walikuwa wamekwisha kuchukua Uvira. Pili, Mobutu alikuwa mkuu wa jeshi lile, lakini raisi hakuwa. Alichukua kiti tarehe 24 Novemba 1965. Tunamwita kwa cheo alichopata nyuma, na hakuna mtu anayetuita waongo kwa sababu hiyo. Tatu, utawala wake uliikuza hadithi. Vita ya askari wengi ikawa ushindi wa mtu mmoja. Jina la Kamanyola likapewa divisheni ya jeshi, likapewa mashua ya raisi, likapewa uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, ule unaoitwa leo Stade des Martyrs. Askari wa kawaida waliokufa na wakulima waliokimbia na watoto mgongoni hawana jina mu hadithi ile.

Sasa, je, hadithi ya Kamanyola ni kweli ao ni uongo? Unaona kwamba swali lenyewe ni dogo kuliko jambo. Mchimbaji akija hapa baada ya miaka 2,700, pengine ataokota maganda ya risasi. Ataweza kusema: watu walipigana hapa. Lakini nani alikuwa na moyo mgumu, nani aliogopa, udongo hautamwambia.

Tubaki na mfano huo, tuende Yerusalemu mwaka 701 kabla ya Kristo. Fungua 2 Wafalme sura ya 18 na 19. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, anaingia Yuda, anachukua miji yenye ngome, anamtoza mfalme Hezekia talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, kisha anatishia Yerusalemu. Mji hauanguki.

Mwaka 1830 kulipatikana Ninawi, Iraki ya leo, nguzo ndogo ya udongo wa kuchoma yenye maandiko ya Senakeribu mwenyewe. Anajisifu kwamba aliteka miji 46 ya Hezekia, na kwamba alimfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege ndani ya kitundu. Anahesabu kodi aliyopokea: dhahabu talanta 30, sawasawa na Biblia. Fedha talanta 800, hapo hawakubaliani. Na kitu kimoja hasemi: hasemi kwamba aliingia Yerusalemu. Mfalme mwenye majivuno namna ile angeingia, angenyamaza?

Kuna shahidi wa tatu. Mu jumba lake la Ninawi, Senakeribu alichongesha ukutani picha za kuzingirwa kwa mji wa Lakishi. Leo ziko London. Wachimbaji walipofika Lakishi yenyewe, walikuta njia ya kupandia ukuta iliyojengwa na jeshi la Ashuru kwa mawe, pamoja na vichwa vya mishale. Na chini ya Yerusalemu kuna mfereji uliochimbwa ndani ya mwamba, wenye maandiko yaliyogunduliwa mwaka 1880. Yanaeleza namna wachimbaji wa pande mbili walisikia sauti ya wenzao mpaka wakakutana. Wataalamu wengi wanaona ndio mfereji wa Hezekia unaotajwa mu 2 Wafalme 20.

Basi vita ile ilifanyika. Lakini Biblia inasema pia kwamba malaika wa Bwana aliua watu 185,000 mu kambi ya Ashuru usiku mmoja. Hapo jembe la mchimbaji linasimama. Haliwezi kumkuta malaika, na haliwezi kuapa kwamba hakuja. Anayeamini anaamini kwa imani. Tusiombe udongo utie sahihi mahali ambapo hauna kalamu.

Sikiliza tena hii, maana inatugusa sisi Waafrika. Mu 2 Wafalme 19:9 kuna "Tirhaka mfalme wa Kushi" anayekuja kupigana na Ashuru. Ni mtu wa kweli kabisa: Taharqa, mtawala mweusi wa Kushi, Sudani ya leo, aliyetawala mpaka Misri. Piramidi yake iko Nuri. Mwaka 2003 wachimbaji wa Charles Bonnet, Mswisi, walikuta karibu na Kerma sanamu za wafalme wa Kushi zilizovunjwa na kuzikwa mu shimo, na yeye yumo. Lakini mwaka 701 Taharqa hakuwa bado mfalme. Alipata kiti mwaka 690. Wengine wanachukua tofauti ile wanapiga kelele: "Biblia inadanganya!" Mtu wa Kamanyola ataelewa haraka. Mwandishi aliandika nyuma, akamwita kwa cheo ambacho watu wote walimjua nacho. Njo vile vile tunasema Raisi Mobutu 1964.

Mpaka hapa ndugu wa "Amina" amefurahi. Angoje kidogo.

Yeriko. Miaka ya 1930, Mwingereza John Garstang alitangaza kwamba amekuta kuta zilizoangushwa wakati wa Yoshua. Makanisa yalishangilia. Kisha Kathleen Kenyon akachimba pale pale kati ya 1952 na 1958, kwa uangalifu zaidi, akakuta kwamba kuta zile zilianguka mamia mengi ya miaka mbele ya Yoshua. Kwa wakati ambao wengi wanamweka Yoshua, hakukuta mji wenye ukuta.

Kutoka Misri ni vile vile. Kitabu cha Kutoka kinahesabu wanaume 600,000, bila wanawake na watoto. Watu wengi namna ile wakikaa miaka 40 wanaacha majivu, vyungu, makaburi. Sinai haijaonyesha alama za kambi kubwa kama ile. Kitu tulicho nacho ni jiwe la Farao Merneptah, lililopatikana mwaka 1896, la karibu mwaka 1208 kabla ya Kristo. Linataja Israeli kama watu waliokuwa tayari Kanaani, na Farao anajisifu kwamba amewamaliza, hawana tena mbegu. Ujumbe wa kwanza wa Israeli mu historia unasema Israeli imekwisha! Ndiyo tabia ya mawe ya wafalme: tuyasome kama tunavyosoma hotuba za serikali.

Na Daudi? Kwa muda mrefu kulikuwa wataalamu waliosema ni mtu wa hadithi tu. Mwaka 1993, Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, likapatikana jiwe la adui wa Israeli, la karne ya 9 kabla ya Kristo, lenye maneno ambayo wengi wanayasoma "nyumba ya Daudi". Wale wa "hakuna kitu" nao walijifunza kungoja.

Yale magurudumu ya Farao, je? Hadithi ile ilienezwa na Mmarekani Ron Wyatt, ambaye hakuwa mwanaakiolojia, na hakuna ripoti ya uchimbaji iliyoithibitisha. Mkristo hapaswi kuogopa kusema hivyo. Mwaka 2020 Jumba la Makumbusho la Biblia la Washington, lililojengwa na watu wanaoipenda Biblia, lilitangaza lenyewe kwamba vipande vyake vyote 16 vya Magombo ya Bahari ya Chumvi ni vya bandia. Walipima, wakaona, wakasema. Imani yao haikuanguka siku ile. Inaanguka ya mtoto uliyemfundisha kusimama juu ya video, siku atakapojua video ni ya uongo.

Juu ya nini nawachosha na mambo haya? Juu ya sisi wa Maziwa Makuu tumelipa bei ya kusoma Biblia vibaya kama historia. Mwaka 1863, John Hanning Speke, Mwingereza, alichapisha kitabu ambamo alichanganya wana wa Nuhu na falme za huku, akadai kwamba watawala walitoka Abisinia. Wazo likakua, likaitwa la "Wahamiti", likafundishwa mashuleni wakati wa Wabelgiji. Hakuna shimo hata moja lililochimbwa mbele ya kulisema. Hata Mwanzo 9 haikusomwa vizuri, maana aliyelaaniwa pale ni Kanaani. Na tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, ng'ambo tu ya mpaka wetu, Léon Mugesera alisimama mbele ya mkutano akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Tunajua kilichofuata 1994, na mito ilibeba nini.

Udongo wa huku unasema nini? Kivu, Rwanda, Burundi, Kagera, wachimbaji wamekuta vyungu vya aina moja, vinaitwa Urewe, vya watu waliofua chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Chungu hakiandikwi kabila. Anayekuja kwako na mstari wa Biblia kukuonyesha nani ni mwenye uwanda na nani ni mgeni, muulize: ulichimba wapi?

Jumapili nilimpigia simu yule mtoto wa mchungaji. Aliniuliza: "Sasa Yeriko nifanye nayo nini?" Nikamwambia: isome, ihubiri kama unaamini, lakini pale udongo haukubaliani, sema haukubaliani. Alinyamaza kidogo, akasema: "Baba atakasirika." Kisha akaniomba nimrudishe mu kikundi.

Wewe ungemjibu nini? Tuandikie hapa chini, bila matusi.