Shaba ya Askari, Jina la Mpagazi

Katika Mchikichini na Kariakoo, maeneo mawili yanayopakana katikati ya Dar es Salaam, shaba haiulizwi nasaba. Ikishafika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hupimwa kwa kilo, na safari yake huishia katika tanuri. Koki iliyovunjika juzi na sarafu ya mwaka 1916 zaweza kulala gunia moja. Hasara ya jambo hilo haihesabiki kwa shilingi, kwani baadhi ya shaba hizo ni mashahidi wa vita vilivyolipa soko hilo jina lake.

Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi wa soko mahali hapo. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, pakawa kambi ya wapagazi. Barabara zilikuwa haba, na mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo. Vita vikabebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Waliochukuliwa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa kukaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa.

Mwaka uleule wa 1916, Wajerumani waliozingirwa walifua sarafu zao Tabora. Heli 20 za Tabora zilitolewa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya manjano, zikiwa na taji, herufi D.O.A., mwaka, na herufi T ya mji. Kazi yake ni ya haraka, na kingo zake hazilingani. Thamani yake kwa mkusanyaji imo humo humo: ni sarafu iliyofuliwa na dola inayokimbia.

Shaba kubwa zaidi ya vita hivyo imesimama Mtaa wa Samora. Sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927, mtutu na singe vikielekea bandarini. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanawataja wapagazi pia, na yanaahidi kwamba jina la aliyekufa litakumbukwa na wanawe. Lakini hakuna jina hata moja lililochorwa. Nairobi, katika sanamu za mwaka 1928, mpagazi alipewa nafasi kando ya askari. Dar es Salaam aliyesimama ni askari peke yake.

Basi anayetaka kuhifadhi shaba hizi na ajizuie kwanza na desturi ya nyumbani. Ndimu na majivu hung'arisha sinia, lakini juu ya sarafu kongwe hula herufi na kuondoa ule weusi uliowekwa na miaka, ambao ndio ngozi yake. Vumbi na liondolewe kwa kitambaa laini kikavu. Pwani yetu ina chumvi hewani. Ikitokea unga wa kijani kibichi unaomomonyoka, hiyo si rangi ya uzee, ni maradhi, na kipande hicho kitengwe na vingine, kiwekwe pakavu.

Utunzaji wa pili hauhitaji kitambaa. Andika kipande kilitoka kwa nani, kilipatikana wapi, na mwenyewe alisimulia nini alipokitoa. Sarafu isiyo na maelezo hayo hubaki kuwa shaba nzuri tu; ikiwa nayo, huweza kumrudisha mpagazi mmoja kutoka katika laki ile ya waliosahauliwa. Sanamu ya mwaka 1927 iliahidi majina ikayaacha. Wajukuu wa wapagazi wangali hai, na wengine wao wanauza na kununua Kariakoo kila siku. Waulizwe kabla gunia halijafungwa.