Laptopu ya Linux ya mwanachuo: kutoka XO hadi "ex-UK"

Kila KUCCPS inapomaliza kugawa nafasi za vyuo, jamaa zangu wa Lafey huniuliza swali lile lile: "Kijana anaenda chuo, tumnunulie laptopu gani?" Linaonekana swali dogo, lakini pesa yenyewe inatoka zizini. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo, na mifugo iliyobaki si ya kuchezea. Laptopu ikifa mwaka wa pili, hakuna ngamia mwingine wa kuuza.

Kwa hiyo leo sianzi na orodha ya bei, naanza na historia. Laptopu ndogo zinazotumia Linux zina historia yenye somo moja kubwa: mashine zilizobuniwa kwa ajili ya mwanafunzi asiye na pesa hazikudumu sokoni. Inayotufaa leo ilibuniwa kwa ajili ya karani wa Ulaya, ikatufikia sisi baada ya yeye kuichoka.

Linux yenyewe ni kazi ya mwanachuo. Linus Torvalds alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alipoitoa mwaka 1991, kwa sababu alitaka mfumo wa aina ya Unix kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Programu ni ya bure, sawa, lakini kwetu bure haikumaanisha inapatikana. Mpaka kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Mombasa Julai 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya nje. Kupakua CD moja ya MB 700 kwa kasi ya siku zile kulihitaji subira ya mchungaji! Ndiyo maana Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ilipendwa sana. Kuanzia 2005 hadi 2011 waliwatumia watu CD kwa posta bila malipo. Lugha nayo ilishughulikiwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Programu zilikuwepo. Kilichokosekana ni mashine yenyewe.

Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa One Laptop per Child ya Nicholas Negroponte, iliyotangazwa 2005 kwa ahadi ya laptopu ya dola 100. XO ilianza kutengenezwa kwa wingi 2007. Ilikuwa na skrini ya inchi 7.5 inayosomeka juani, RAM ya MB 256, diski ya GB 1, na Linux ya Fedora ndani yake. Kwa hali ya hewa ya Mandera, hiyo skrini ilikuwa ndoto! Lakini bei ilikaribia dola 200, na ilikuwa ya watoto, tena ikiuzwa kwa serikali na si kwa mtu dukani. Rwanda ilichukua zaidi ya laki moja. Mwanachuo wa Kenya hakuwa na pa kuinunua.

Mwaka huo huo, Oktoba 2007, Asus ikatoa Eee PC 701. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Hii nayo ilikuwa na skrini ya inchi 7, RAM ya MB 512, diski ya GB 4 isiyo na sehemu inayozunguka, uzito wa gramu 920, na Linux ya Xandros ikiwa tayari imewekwa. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliingia dukani akatoka na laptopu ndogo ya Linux bila kuhangaika. Acer ikafuata na Aspire One yenye Linpus, na Dell na Mini 9 yenye Ubuntu, zote 2008.

Mbona zilikufa? Sababu ni mbili. Kwanza, Microsoft waliona hatari wakarefusha maisha ya Windows XP kwa ajili ya mashine hizo ndogo tu, na baada ya muda mfupi nyingi zikauzwa na XP. Pili, zilibanwa mno. GB 4 zinajaa kabla hujaweka kitabu cha pili, na kuandika tasnifu kwenye kibodi ya inchi 7 ni adhabu. iPad ilipokuja 2010 soko likahama, na kufikia 2013 Asus na Acer walikuwa wameachana nazo.

Serikali nayo ilijaribu. Mwaka 2011 Bodi ya TEHAMA ya Kenya iliendesha mpango wa Wezesha, uliowapa wanachuo ruzuku ya kununua laptopu. Wazo zuri, lakini ruzuku hukusaidia siku ya kununua. Siku kibodi inapokufa uko peke yako.

Wakati hayo yote yakiendelea, njia nyingine ilikuwa inajengeka bila kelele. Mapema miaka ya 1990, wafanyabiashara Wasomali waligeuza nyumba ya wageni ya Garissa Lodge, Eastleigh, kuwa maduka, na bidhaa kutoka Dubai zikapata mlango mpana wa kuingia Nairobi. Baadaye zikaja laptopu za ofisi kutoka Uingereza na kwingineko, zilizotumika miaka michache zikauzwa kwa mafungu. Hizo ndizo tunaziita "ex-UK". ThinkPad za mfululizo wa X, EliteBook 820 za HP, Latitude ndogo za Dell: zote zina skrini ya inchi 12 na nusu hivi, na uzito wa kilo moja na ushee. Zilitengenezwa ili fundi wa kampuni azifungue haraka, na sifa hiyo hiyo ndiyo inayomfaa fundi wa Garissa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo historia inapogusa mfuko wako. ThinkPad X270 ya 2017 ndiyo ya mwisho katika mfululizo huo kuwa na betri ya kuchomoa kwa mkono. X280 iliyofuata 2018 ilifungia betri ndani, na RAM ikachomelewa kwenye ubao mkuu: uliyonunua nayo ndiyo utakayokufa nayo. Lakini X280 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, na Windows 11 kwa kawaida inadai kuanzia hapo. X270 ina kizazi cha 6 au cha 7, kwa hiyo Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa 14 Oktoba 2025, iliachwa nyuma. Yaani mashine rahisi zaidi kutengeneza ndizo zilizotupwa na Windows! Kwenye Linux hakuna mpaka huo. Debian haikuulizi kizazi, mradi prosesa ni ya biti 64.

Kwa nini betri na utengenezekaji vina uzito kwa mtu wa Lafey? Kaunti ya Mandera kwa miaka mingi imetegemea jenereta za dizeli na sola, si gridi ya taifa. Milingoti ya simu katika kaunti hiyo imeharibiwa na wavamizi zaidi ya mara moja, na mtandao ukapotea nayo. Hata chuo chenyewe kinaweza kuhama. Garissa ilipata chuo kikuu cha umma 2011. Shambulizi la 2 Aprili 2015 likaua watu 148, chuo kikafungwa hadi Januari 2016, na wanafunzi walionusurika wakahamishiwa Moi, Eldoret. Laptopu ya kubebeka kwetu si urembo.

Basi ukinunua, mimi nashauri hivi:

1. Chagua yenye betri ya kuchomoa, na RAM isiyochomelewa. Chukua GB 8 angalau. X270 ina betri mbili, moja ndani na moja nje, kwa hiyo unabadilisha ya nje bila kuizima.

2. Nenda dukani na flashi yenye Ubuntu au Debian. Iwashe laptopu kutoka kwenye flashi kabla ya kulipa. Jaribu waifai, sauti, kila kitufe cha kibodi. Kisha andika amri upower -d usome mstari wa capacity: chini ya asilimia 60 hivi, hesabu bei ya betri mpya. Na ingia BIOS. Ikidai nenosiri, ondoka.

3. Tafuta kadi ya waifai ya Intel. Zamani Debian haikuja na programu za kuendesha kadi nyingi, ikabidi utafute mtandao ili upate mtandao! Tangu Debian 12 ya 2023, zimo ndani ya kisakinishi.

4. Beba programu zako kabla ya kurudi nyumbani likizo. Debian bado inatolewa kwa faili za DVD unazoweza kuweka kwenye flashi. Ongeza Kiwix, inayokusomea Wikipedia bila intaneti.

Tahadhari moja. Kama kozi yako inadai AutoCAD, ulizia idara kwanza, maana haiendi kwenye Linux. Takwimu si tatizo: R ipo, na PSPP inafanana na SPSS. Kwa insha na ripoti, LibreOffice inatosha, ila ripoti ya mwisho mtumie mwalimu kwa PDF ili mpangilio usivurugike.

Mkibakiwa na pesa kidogo, msinunue begi la kifahari. Nunueni betri ya pili. Haya, tukutane makala ijayo.